Darubini inayohama: uchambuzi wa kisa cha pete na vishikizi vya bunduki ya upepo, Unguja

Kisa hiki kinahusu bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, yenye springi na risasi za milimita 4.5, inayomilikiwa kwa kibali na mfugaji mmoja wa kuku wa Wilaya ya Kati, Unguja, ambaye shamba lake limepakana na uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Adui wake ni kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wale walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka za mji, na ambao tangu hapo wamekuwa wakila vifaranga, mayai na makinda ya ndege wengine. Mitego na sumu vimewahi kutumika dhidi yao, lakini mfugaji mdogo hubaki na banda lake na macho yake mwenyewe. Kunguru hawa wana akili. Akikoswa mmoja, kundi zima humjua mpigaji na halimsogelei tena kwa muda mrefu. Kwa hiyo risasi ya kwanza ndiyo yenye maana, na kwa nguvu ndogo ya bunduki ya aina hii inapaswa kufika ndani ya eneo la sentimita 3 hivi, kwa umbali usiozidi mita 20 au 25.

Malalamiko ya mfugaji yalikuwa kwamba bunduki haishiki shabaha. Akiirekebisha asubuhi inapiga pale anapotaka, na baada ya risasi chache inaanza kupiga chini, kisha pembeni, kisha popote. Juu yake ilikuwapo darubini ya kukuza mara 3 hadi 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40, iliyofungwa kwa pete mbili zilizokuja nayo ndani ya boksi. Alikwishatenga shilingi laki moja na kumwomba mtoto wa kaka yake anayeishi Uingereza amletee darubini mpya. "Fundi, hii darubini ni mbovu tu," alisema, "nataka nyengine." Nilimjibu, "Mzee wangu, tuipime kwanza bunduki yenyewe, pesa ikishatoka hairudi."

Katika kisa cha namna hii watuhumiwa ni watatu: bunduki, darubini, na kile kinachoviunganisha. Watu wengi humhukumu wa pili kwa sababu ndiye ghali zaidi na ndiye anayeonekana. Kwa uzoefu wangu ni busara kuanza na yule ambaye kumchunguza hakugharimu kitu. Skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwenye mbao za kitako zilikuwa zimelegea mbili, jambo la kawaida kabisa kwa bunduki za springi, nazo zikakazwa. Kisha darubini iliondolewa na bunduki ikajaribiwa kwa shabaha yake ya asili ya mtutuni, katika shimo kongwe la mchanga ambalo ukuta wake unameza risasi. Kwenye uwanda jaribio hilo halifai, kwa kuwa risasi ikigonga jiwe la matumbawe haijulikani itaelekea wapi. Kwa mita 15 risasi ziliangukia pamoja vya kutosha kuonesha kwamba mtutu, bawaba na mpira wa kuzuia upepo ni vizima. Mfugaji mwenyewe hakuweza kupiga hivyo, kwa sababu macho yake ya utu uzima hayaoni tena shabaha ya karibu na kitu cha mbali kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu halali ya kutaka darubini. Kijana mwenye macho mazuri, kwa umbali huo, ningemshauri asinunue chochote.

Darubini ilirudishwa juu kama ilivyokuwa, na safari hii mstari mwembamba wa penseli nyeupe ulichorwa mahali kila pete inapokutana na mwili wa bunduki, na mwengine mahali bomba la darubini linapoingia kwenye pete. Baada ya risasi chache jibu likapatikana bila mjadala: mistari ya bombani haikusogea, bali ile ya chini ilikuwa imeachana kwa zaidi ya milimita moja, pete zikiwa zimerudi nyuma, na ya mbele ikiwa imeinama kidogo upande.

Ili kuelewa kwa nini zilirudi nyuma, lazima kueleweke jinsi bunduki ya springi inavyopiga teke. Bunduki ya baruti husukumwa nyuma mara moja tu. Ya springi husukumwa mara mbili ndani ya muda mdogo sana: pistoni inapoanza kukimbia kwenda mbele, bunduki hurudi nyuma, halafu pistoni inapofika mwisho na kusimamishwa ghafla na hewa iliyobanwa, bunduki nzima huvutwa kwenda mbele. Teke hili la pili ndilo kali, na wakati bunduki inaruka mbele, darubini kwa uzito wake hubaki nyuma. Ndiyo maana darubini za bunduki za upepo huhamia upande wa jicho la mpigaji, na ndiyo maana darubini nyingine zilizostahimili bunduki kubwa za kuwindia huvunjika ndani zikifungwa juu ya bunduki hii inayoonekana kama mchezo wa watoto.

Tukazitazama pete. Zilikuwa za aina yenye taya la kugeuza, ambalo upande mmoja umetengenezwa kwa reli pana ya kijeshi au ile inayofanana nayo iitwayo Weaver, yenye upana wa milimita 21 hivi, na upande wa pili kwa ile mifuo miwili midogo inayochongwa moja kwa moja juu ya mwili wa bunduki za upepo na za risasi ndogo, ambayo kwa jina huitwa ya milimita 11. Kifaa kinachodai kufaa pote pawili mara nyingi hakifai vizuri popote. Hapa taya lilikuwa linagusa ukingo wa mfuo kwa ncha tu. Isitoshe, hiyo "milimita 11" ni jina zaidi kuliko kipimo, maana mifuo ya viwanda mbalimbali huanzia milimita 9.5 na nyingine hufika 13, na pembe ya ukingo wake hutofautiana pia. Ya mzee, ilipopimwa kwa kalipa, chombo cha kupimia upana, ilikuwa 11 na ushei. Anayeagiza vishikizi kutoka mbali bila kipimo hiki anacheza bahati nasibu.

Jambo la pili lililoonekana lilikuwa kitundu kidogo juu ya mwili wa bunduki, karibu na mwisho wa mifuo, kimejaa grisi ya miaka mingi. Kitundu hicho ndicho makao ya pini ya kuzuia. Kishikizi kilichotengenezwa kwa bunduki ya springi huwa na pini ya chuma inayoshuka kutoka tumboni mwake na kuingia humo, ili teke lisibebwe na msuguano wa taya peke yake. Pete za mzee hazikuwa na pini. Kukaza zaidi, ambako ndiko alikokuwa akifanya kila wiki, kulikuwa kunakula aluminiamu ya taya na kuharibu vichwa vya skrubu, wala hakukuongeza usalama.

Hapo ingetosha kusema anunue kishikizi chenye pini, na kisa kingeisha. Lakini kulikuwa na ugonjwa wa pili uliojificha chini ya wa kwanza, na kama usingegunduliwa kabla ya kuagiza, mzee angenunua mara mbili. Gurudumu la darubini la kurekebisha shabaha juu na chini lilikuwa limezungushwa hadi mwisho. Alipoulizwa, alisema kwamba siku zote bunduki ilipiga chini, na hata gurudumu likifika mwisho alilazimika kulenga juu kidogo ya kunguru.

Gurudumu lilizungushwa kutoka mwisho hadi mwisho, milio yake ikahesabiwa: 240. Kila mlio mmoja wa darubini hiyo ni robo ya dakika ya pembe, digrii moja ikiwa na dakika 60, kwa hiyo safari nzima ni dakika 60, na kutoka katikati kuna dakika 30 tu za kupanda. Kwa mita 20, dakika moja ni milimita 5.8, hivyo uwezo wote wa kupandisha ni sentimita 17 na nusu. Gurudumu likarudishwa katikati, bunduki ikapigwa kwa mita 20 ikiwa imelazwa vizuri juu ya gunia la mchanga, na risasi zikaangukia sentimita 22 chini ya mahali palipolengwa.

Si zote 22 zilizo kosa la bunduki. Darubini imekaa sentimita 4 na nusu juu ya mtutu, na risasi inayokwenda kwa mwendo wa mita 200 hivi kwa sekunde huanguka sentimita 5 hivi katika masafa hayo, kwa hiyo takriban sentimita 10 ni za kutarajiwa kwa bunduki yoyote ya nguvu hiyo. Zinazobaki, 12 hivi, ni za mtutu kuinama. Bunduki za kukunja mtutu hujulikana kwa hili: bawaba inapofunga, mtutu hubaki ukitazama chini kidogo kuliko mwili ulipochongwa mifuo. Mtu anayetumia shabaha ya mtutuni haoni tatizo, kwa sababu shabaha hiyo imeundwa pamoja na huo mwinamo. Tatizo huzaliwa siku darubini inapowekwa.

Na gurudumu lililofika mwisho halileti tu upungufu wa sentimita chache. Ndani ya darubini kuna bomba dogo linalobeba mistari ya shabaha, limesimama baina ya ncha za skrubu za magurudumu na springi ndogo inayolisukuma kutoka upande wa pili. Kadiri unavyopandisha shabaha ndivyo skrubu inavyojitoa na springi inavyonyooka, na ikinyooka sana hupoteza nguvu, bomba likaanza kucheza kwa kila teke. Kwa maneno mengine, hata kama pete zisingehama kabisa, darubini hii katika hali ile ingeendelea kutupa risasi ovyo, na mzee angezidi kuamini kwamba ni mbovu.

Sasa bajeti. Kwa laki moja njia zilikuwa kadhaa, na ya kwanza, yaani darubini mpya ya bei hiyo hiyo juu ya pete zile zile, ilikufa yenyewe.

Njia ya pili ilikuwa kununua kipande cha kubadilisha mifuo kuwa reli ya kijeshi, ile ya Picatinny ambayo nafasi zake zina upana wa milimita 5.23, kisha kufunga juu yake pete za kisasa. Vijana huipenda kwa sura yake. Mimi siipendi kwa kazi hii, kwa sababu inaongeza kiungo kingine cha kulegea, inapandisha darubini juu, na mwisho wa yote kipande chenyewe bado kinashika mifuo ile ile na kinahitaji pini ile ile. Ni kulipa mara mbili ili kurudi ulipokuwa.

Ya tatu ilikuwa pete mbili mpya za milimita 11, moja ikiwa na pini, pamoja na kuinua pete ya nyuma kwa vipande vya bati jembamba. Njia hii ni rahisi kuliko zote na mafundi wengi huishia hapo, kwa hiyo inastahili hesabu. Umbali kati ya pete mbili ni milimita 100 hivi. Ili kufuta sentimita 12 kwa mita 20, nyuma inatakiwa kupanda milimita 0.6. Bati la kopo la soda lina unene wa sehemu ya kumi ya milimita hivi, kwa hiyo zinahitajika tabaka 6. Tabaka moja au mbili hazidhuru, lakini kwa 6 bomba la darubini linaingia katika pete ya mbele likiwa limepinda dhidi ya ukingo wake, na kifuniko kikikazwa ukingo huo unauma bomba. Likibonyea ndani, darubini nzima imekwisha. Zipo pete zenye mikono ya plastiki inayozunguka na kufuata pembe ya bomba bila kuliuma, nazo ni nzuri sana, ila zenye pini ya bunduki ya springi hatukuzipata kwa fedha ile.

Ya nne ndiyo iliyochaguliwa: kishikizi kimoja kirefu chenye pete mbili mwilini mwake, taya refu lenye skrubu nyingi, pini ya kuzuia, na mwinamo wa dakika 20 uliochongwa kiwandani. Dakika 20 kwa mita 20 ni sentimita 11.6, karibu sawa na mwinamo wa mtutu wa mzee. Zile 22 zikipunguzwa 11.6 hubaki 10.4, ambazo gurudumu linazimaliza kwa dakika 18, likiwa bado na 12 za akiba na springi ya ndani ikiwa na nguvu. Kishikizi hiki kilikuwa ghali kuliko cha kawaida na kilikula sehemu kubwa ya laki, lakini kwa kuwa darubini haikununuliwa, fedha ilitosha na ikabaki ya skrubu za akiba. Kabla ya kuletwa, mzee alikwenda kuuliza forodhani na polisi, jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye hata kama kifaa chenyewe si silaha.

Vipimo vingine viwili viliandikwa kwenye agizo. Kimoja ni kipenyo cha bomba, ambacho hapa ni milimita 25.4 na si 30. Hilo halina mjadala. Cha pili ni kimo, ambacho watu hukikisia kwa macho. Mdomo wa mbele wa darubini hii una kipenyo cha nje cha milimita 48, kwa hiyo unashuka milimita 11.3 chini ya bomba, na mwinamo wa kishikizi unaushusha karibu milimita moja zaidi. Kimo cha milimita 14 kutoka mifuoni hadi chini ya bomba kilitosha. Kile cha zamani kilikuwa kirefu mno, na mzee alikuwa amefunga kitambaa juu ya kitako ili shavu lake lifike. Shavu lisilotulia humwadhibu mpigaji kwa njia nyingine: darubini hii, kama nyingi za bunduki kubwa, imepangwa kiwandani ili picha na mistari ya shabaha vilingane kwa yadi 100, yaani mita 91. Kwa mita 20, jicho likihama kutoka katikati hadi ukingoni mwa picha, shabaha inaweza kudanganya hadi milimita 15. Wapo wanaofungua kioo cha mbele na kukisogeza ili kuipanga upya. Kwa hewa yetu ya pwani sishauri, kwa sababu gesi kavu iliyomo ndani ikitoka huingia unyevu, na msimu wa masika utaona ukungu usiofutika. Dawa ya bure ni kofia ya kadi ngumu yenye tundu la milimita 20 mbele ya kioo. Inapunguza udanganyifu huo kwa nusu, na jua la mchana la Unguja halikosi mwanga wa kutosha.

Ufungaji ulifanywa polepole. Mifuo na kitundu vilisafishwa kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe, kwa sababu mafuta chini ya taya ni mwaliko wa kuhama. Upande wa juu zaidi wa kishikizi ulielekezwa nyuma. Ukigeuzwa, dakika 20 huongezwa kwenye ugonjwa badala ya kuuponya. Pini iliingizwa kitunduni, kishikizi kikasukumwa nyuma hadi pini ikagusa ukuta wa kitundu, ndipo skrubu za taya zikakazwa kwa zamu kutoka katikati kwenda nje, zikiwa na gundi nyepesi ya nyuzi za skrubu. Darubini ililazwa, ikasogezwa hadi mzee, akiwa amejiweka kama anavyopiga, akaona duara lote la picha, sentimita 9 hivi kutoka jichoni. Mstari wa wima ulilinganishwa na uzi wa timazi ya mwashi iliyoning'inizwa kwenye mlango wa banda. Vifuniko vya pete vilikazwa kwa kukatiza, skrubu ya upande mmoja kisha ya upande wa pili, pengo likiwa sawa pande zote mbili, kwa nguvu isiyozidi nyutoni-mita 2; asiye na spana ya kupimia ashike mkono mfupi wa ufunguo wa pembe sita kwa vidole viwili na aache vidole vinapochoka. Nguvu ya mkono mzima huvunja skrubu ndogo kama hizi, na nyingi za skrubu zilizokatika nilizowahi kuletewa zilikatwa na mwenyewe.

Mwisho mafuta mepesi yalipitishwa juu ya skrubu zote na kando ya taya. Chumvi ya hewani ikikaa baina ya chuma cha bunduki na aluminiamu ya kishikizi huanza kula aluminiamu, na baada ya miaka kishikizi huganda mahali pake.

Mistari ya penseli ilichorwa upya na bunduki ikapigwa hadi kopo la risasi lilipopungua sana. Kishikizi hakikusogea. Kwa mita 20, akiwa ameegemea gunia, mzee aliweka risasi zake ndani ya sentimita 3 akitumia darubini ile ile aliyotaka kuitupa, na skrubu zilipokaguliwa hakuna iliyokuwa imelegea isipokuwa moja ya kitako.

Kinachobaki ni darubini yenyewe. Haikutengenezwa kwa teke la pande mbili, na inawezekana siku moja mistari yake ikageuka au kioo cha ndani kikaanza kutikisika. Dalili itakuwa risasi kutawanyika ilhali mistari ya penseli haijasogea. Hapo mzee anunue darubini iliyoandikwa na watengenezaji kuwa inafaa bunduki za springi, yenye pete ya mbele ya kupanga umbali kuanzia mita 10, na yenye bomba la milimita 25.4, ili kishikizi alichokwisha kulipia kiipokee bila kununua kingine.